Makala ya Madame Bovary katika kamusi elezo ya Kiswahili: tathmini ya huduma baada ya wiki sita za kuihariri

Muhula wa kwanza wa mwaka huu, mimi na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili tuliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya pamoja: kila mmoja amchague mwandishi wa nchi ya kigeni na aandike juu yake insha ya kurasa mbili kwa Kiswahili. Wanafunzi wawili walimchagua Gustave Flaubert, mwandishi wa Ufaransa, na wote wawili, ambao hawaketi karibu wala hawasomi pamoja, waliandika kwamba alifungwa gerezani kwa sababu ya riwaya yake Madame Bovary. Flaubert hakufungwa hata siku moja. Nilipowauliza walikolitoa jambo hilo, walinionyesha kwenye simu makala ya kamusi elezo huru ya mtandaoni ya Kiswahili. Nikaisoma pale pale darasani, na neno gereza sikuliona popote. Sentensi iliyowapotosha ilikuwa hii: "Mwaka 1857 Flaubert alihukumiwa kwa ajili ya riwaya hii."

Sikuweza kuwalaumu. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu anaposema fulani amehukumiwa, msikilizaji haulizi kama alipatikana na hatia. Huuliza amepewa miaka mingapi. Ukweli ni kwamba Flaubert alishtakiwa pamoja na msimamizi wa jarida la Revue de Paris na mpigachapa wake, kwa madai kwamba riwaya ilikiuka maadili ya umma na ya dini. Kesi ilisikizwa Paris mwishoni mwa Januari 1857, na tarehe 7 Februari mahakama ikatoa uamuzi ambao uliikaripia riwaya kwa maneno makali lakini ukawaachilia huru washtakiwa wote watatu bila kuwatoza gharama za kesi. Mwandishi aliyeachiliwa huru alikuwa amegeuka mfungwa katika madaftari ya watoto wa Nairobi kwa sababu ya kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya. Jioni hiyo nilifungua akaunti katika kamusi elezo hiyo, nikaanza kuihariri makala, na kazi niliyodhani ni ya dakika kumi ikanichukua wiki sita. Tathmini hii ni ya huduma niliyoipata katika wiki hizo: inamfaa nani, inafanya kazi vipi, na inapungukiwa wapi mtu anapotaka kuboresha makala kuhusu kitabu.

Kufungua akaunti hakulipishwi, na hata asiye na akaunti anaweza kuhariri, ingawa ninamshauri kila mtu afungue, kwa sababu bila akaunti huwezi kufuatilia ukurasa ulioushughulikia. Kitufe cha kuhariri kiko juu ya kila sehemu ya makala. Ukikibonyeza unaandika kama unavyoandika barua, na kabla ya kuhifadhi unatakiwa kueleza kwa mstari mmoja ulichobadilisha. Mstari huo mfupi wengi huuacha mtupu. Nami niliuacha mtupu siku ya kwanza, mpaka nilipofungua historia ya ukurasa na kuona thamani yake.

Historia ya ukurasa ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Kila badiliko limehifadhiwa humo pamoja na tarehe yake na jina la aliyelifanya, na unaweza kuweka matoleo mawili sambamba ukaona ni neno gani lililoondoka na lipi lililoingia. Kwa kuipitia niligundua kwamba makala ya Madame Bovary iliwekwa yote kwa mkupuo mmoja, na kwamba baada ya hapo, kwa miaka, hakuna binadamu aliyeigusa. Programu za kujiendesha tu ndizo zilizopita zikirekebisha viungo. Ilikuwa na maneno yasiyofika mia tatu, ikisema kwamba Flaubert alizaliwa Paris, ilhali alizaliwa Rouen tarehe 12 Desemba 1821, na kwamba riwaya ilitoka kama kitabu mwaka 1856. Ukweli ni kwamba mwaka 1856, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ilichapishwa kwa sehemu sita katika Revue de Paris, tena ikiwa imekatwakatwa na wahariri walioogopa serikali, na kitabu chenyewe kikatolewa na Michel Lévy kwa juzuu mbili mwezi wa Aprili 1857, baada ya kesi.

Makosa ya tarehe na mahali ni mepesi kusahihisha, mradi una chanzo cha kutaja. Hapo ndipo huduma hii inapokudai kitu, nami ninaipongeza kwa kudai. Kila jambo linaloweza kubishaniwa linahitaji rejea, na neno la mwalimu kwamba amelisomesha jambo hilo kwa miaka ishirini si rejea. Mkaazi wa Nairobi anaweza kujiuliza atavitoa wapi vyanzo vya riwaya ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa. Mimi nilianza na wauza vitabu wa kando ya njia katikati ya jiji, ambako nilinunua kwa shilingi 250 toleo dogo la Kifaransa lenye jalada lililobanduka na maandishi ya penseli ya mwenyewe wa zamani. Lilikuwa na hazina nyuma yake: hotuba ya mwendesha mashtaka, hotuba ya wakili wa utetezi na uamuzi wa mahakama. Flaubert mwenyewe alikuwa amemkodi mwandishi wa hati mkato ili maneno ya kesi yasipotee, na tangu toleo la Charpentier la mwaka 1873 hotuba hizo zimekuwa zikichapishwa pamoja na riwaya katika matoleo mengi. Kwa hiyo mtu anayetaka kuandika juu ya kesi hiyo hahitaji kusafiri hadi Paris. Anahitaji kufungua kurasa za mwisho. Vitabu vya uhakiki nilivisoma katika maktaba ya Alliance Française, Jumamosi tatu mfululizo. Mengine niliyapata katika Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambayo husomwa bila malipo, ingawa picha za kurasa za zamani hula bando la data kwa kasi na ni heri kuzifungua mahali penye intaneti ya bure.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifunza zaidi kuhusu huduma hii, nalo ni neno mganga.

Makala ya zamani ilisema: "Charles Bovary alikuwa mganga wa kijiji." Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameelewa kwamba Charles, mumewe Emma ambaye ndiye mhusika mkuu wa riwaya, alitibu watu kwa mitishamba na ramli, na akaandika aya nzima yenye bidii juu ya imani za jadi za Wafaransa. Hapa Kenya neno mganga, likiachwa peke yake, humpeleka msomaji huko moja kwa moja. Nikalifuta, nikaandika daktari, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi nilikuta badiliko langu limerudishwa nyuma na mhariri anayeandika kutoka Tanzania. Maelezo yake yalikuwa ya mstari mmoja: "Ndugu, Charles si daktari, soma sura ya kwanza."

Niliisoma tena sura ya kwanza na ndugu huyo alikuwa na haki. Charles ni officier de santé, daraja la watabibu lililoanzishwa Ufaransa kwa sheria ya mwaka 1803 na kufutwa mwaka 1892. Hawakuwa na shahada ya udaktari, waliruhusiwa kufanya kazi katika mkoa uliowapitisha tu, na hawakupaswa kufanya upasuaji mkubwa bila daktari kuwasimamia. Charles aliuanguka hata mtihani wa daraja hilo mara ya kwanza. Mtu akimwita daktari, anaivunja ngazi ambayo Flaubert aliijenga kwa uangalifu: chini yupo Charles, juu yake yupo Daktari Canivet anayeitwa kuja kukata mguu ambao Charles ameuharibu, na kileleni yupo Daktari Larivière anayefika Emma akiwa anakata roho, na ambaye wahakiki wengi huona ndani yake sura ya baba yake Flaubert, aliyekuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Rouen.

Tukahamia ukurasa wa majadiliano, ambao kila makala inao nyuma yake. Nilipendekeza afisa wa kliniki, kwa sababu kila Mkenya aliyewahi kupanga foleni katika kituo cha afya anamjua afisa wa kliniki na anajua kwamba si daktari. Mwenzangu akajibu kwamba kwao mtu huyo huitwa tabibu, na kwamba huko Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari kamili wa serikali, kwa hiyo aliyeandika mganga huenda hakukosea kwa Kiswahili cha kwake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimeliona neno hilo kuwa ujinga wa mashine ya kutafsiri, kumbe lingeweza kuwa Kiswahili safi cha upande wa pili wa mpaka. Msomaji wa tatu, ambaye alijitambulisha kuwa mtumishi wa afya, akatuonya kwamba afisa wa kliniki wa leo amepata mafunzo ya miaka kadhaa na anafanya mengi kuliko alivyoruhusiwa officier de santé, hivyo kumlinganisha na Charles ni kumdunisha. Baada ya siku kumi na moja tulikubaliana kuandika "tabibu wa daraja la chini, asiye na shahada ya udaktari", neno la Kifaransa likifuata mara moja tu, pamoja na sentensi mbili za kueleza sheria ya 1803. Majadiliano yote yamebaki pale, yakiwa na majina na tarehe, na atakayekuja kesho akitaka kurudisha daktari ataona kwa nini tulimwacha.

Hakuna kitabu cha kuchapishwa kinachoweza kunipa huduma ya namna hiyo. Kosa la kamusi ya karatasi hukaa hadi toleo jipya, na toleo jipya huenda lisije.

Mguu nilioutaja una habari yake. Katika riwaya, Hippolyte, mtumishi wa zizi katika hoteli ya Lion d'or, ana mguu uliopinda tangu kuzaliwa. Mfamasia Homais, mwenye kiu ya sifa, anamshawishi Charles aunyooshe kwa upasuaji, Emma naye akimhimiza. Charles anaukata mshipa wa kisigino, mguu unaoza, na hatimaye unakatwa pajani. Makala ya zamani iliuita "mguu wa klabu", neno kwa neno kama club foot ya Kiingereza. Hapo sikuwa na shaka tena kwamba maandishi yalipitishwa kwenye mashine kutoka lugha nyingine na kubandikwa bila mtu kuyasoma, kwa maana hakuna Mswahili yeyote, wa Lamu wala wa Tabora, aliyewahi kusema maneno hayo. Kamusi elezo hii inaruhusu zana ya kutafsiri, na zana hiyo humwonya mtumiaji akiacha sehemu kubwa ya matini bila kuigusa. Onyo ni hafifu mno. Ningependa izuie kabisa kuhifadhi, kwa sababu msomaji wa darasani hana njia ya kujua kwamba aya aliyo nayo haikupitia macho ya mtu.

Kulikuwa pia na nukuu maarufu. Makala ilifungua kwa herufi nzito: Flaubert alisema, "Madame Bovary ni mimi." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, nimeitumia mwenyewe darasani, na nilikuwa tayari kuiacha. Sharti la rejea ndilo lililonizuia. Nilitafuta barua aliyoiandika, na haipo. Kauli hiyo imetufikia kwa mdomo wa mtu aliyeipata kwa mtu mwingine, kupitia tanbihi ya mtafiti René Descharmes iliyochapishwa mwaka 1909, karibu miaka thelathini baada ya Flaubert kufariki. Kilichopo kwa mkono wake ni kinyume chake: katika barua ya Machi 1857 kwa Bi. Leroyer de Chantepie, msomaji aliyemwandikia akijiona ndani ya Emma, alieleza kwamba hadithi hiyo ni ya kubuni mwanzo hadi mwisho na kwamba hakutia ndani yake hisia zake wala maisha yake, na kwamba msanii anapaswa kuwa ndani ya kazi yake kama Mungu ndani ya uumbaji, asiyeonekana na mwenye nguvu zote. Sikuifuta nukuu, kwa kuwa umaarufu wake ni sehemu ya historia ya kitabu. Niliishusha kutoka juu ya makala, nikaiweka katika sehemu ya mapokezi, nikaeleza ilikotoka. Nimeacha pia kuitumia darasani.

Sehemu iliyonipa kazi kubwa zaidi, na ambayo haikuwepo kabisa, ni ya mtindo. Makala nyingi za riwaya katika kamusi elezo hii husimulia kisa kisha hukoma, kana kwamba riwaya ni kisa tu. Kisa cha Madame Bovary kinaweza kusimuliwa kwenye matatu kabla hujafika Buruburu: mke wa tabibu wa mashambani anachoshwa na ndoa, anapata wapenzi wawili, anazama katika madeni, anajiua kwa sumu ya aseniki. Msomaji anayepewa hicho peke yake hawezi kuelewa kwa nini kitabu kilipelekwa mahakamani wala kwa nini bado kinasomwa. Ilinibidi nieleze mtindo ambao Flaubert aliufikisha mbali kuliko waliomtangulia, ambapo msimulizi hutoa mawazo ya mhusika kwa maneno ya mhusika lakini bila alama za kunukuu na bila kusema "alifikiri kwamba". Istilahi yake katika vitabu vya Kiswahili haijatulia. Nilipata njia kupitia jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analijua tangu shule ya msingi, yaani zoezi la kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Niliandika kwamba mtindo huu ni usemi wa taarifa uliofunguliwa kamba: umeshika nafsi na nyakati za usemi wa taarifa, lakini umebaki na mihemko, maswali na mishangao ya usemi halisi, na hakuna kitenzi cha kusema kinachouongoza. Nikauita usemi wa taarifa huru. Wahariri wawili waliuliza kama ni istilahi yangu, nikakiri kwamba ni pendekezo, na tukaiweka na maelezo yake badala ya kuifanya kichwa cha sehemu.

Hapo ndipo kesi na mtindo vilipokutana, na ninaona kwamba aya hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizoandika. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alilalamika mahakamani kwamba ndani ya kitabu hakuna mhusika hata mmoja anayeweza kumshutumu Emma. Kwake hilo lilikuwa ushahidi wa uovu. Lakini alikuwa ameuona mtindo wenyewe kwa usahihi kuliko wasomaji wengi: msimulizi amejiondoa, hakuna sauti ya mzee wa busara inayotoka pembeni kutuambia nani kakosa. Wakili Jules Sénard alijibu kwamba kitabu kinafundisha wema kwa kuonyesha kitisho cha uovu, na Flaubert akamtunukia kitabu kilipotoka. Mwaka huo huo wa 1857 Pinard aliyashtaki mashairi ya Charles Baudelaire, na mara hiyo mshairi alitozwa faini na mashairi sita yakapigwa marufuku. Nililiongeza hili ili msomaji aone kwamba kuachiliwa kwa Flaubert hakukuwa jambo la kawaida.

Kwa mfano wa karibu nilichagua sura ya nane ya sehemu ya pili, sura ya maonyesho ya kilimo. Msomaji wa Nairobi haihitaji tanbihi ndefu, kwani anayajua maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park, mafahali waliopigwa brashi, majukwaa, wageni wa heshima na hotuba zisizokwisha. Rodolphe, atakayekuwa mpenzi wake wa kwanza, amemkalisha Emma dirishani katika ukumbi wa ghorofani na kumnong'oneza maneno ya mapenzi, huku chini mwenyekiti akitangaza washindi wa zawadi. Na Flaubert anazisuka sauti hizo mbili mpaka Rodolphe anaposema kwamba mara mia alitaka kuondoka lakini akamfuata na kubaki, na jibu linalopanda kutoka uwanjani ni tuzo ya samadi. Kisha anapandishwa jukwaani Catherine Leroux, bibi kizee aliyetumika shamba moja kwa miaka 54, apokee nishani ya fedha ya faranga 25. Mikono yake imekakamaa kwa vumbi la ghala, magadi ya kufulia na mafuta ya manyoya ya kondoo hata inaonekana chafu baada ya kuoshwa. Niliandika aya mbili juu ya mikono hiyo. Mhariri mmoja alizipunguza zikawa moja, na alifanya vizuri.

Sheria moja ya kamusi elezo hii iliniumiza kisha nikaikubali. Mfanyabiashara Lheureux humkopesha Emma vitambaa na mapazia, humtaka atie saini hati za ahadi ya kulipa, humwongezea muda kwa hati nyingine kubwa zaidi, mpaka siku anapoamriwa kulipa faranga 8,000 ndani ya saa 24. Wanafunzi wangu walipoisoma sehemu hiyo walisema kwa pamoja kwamba hiyo ni mikopo ya simu. Nililiandika jambo hilo katika makala, nikiamini ni ufafanuzi mzuri, na likaondolewa kwa maelezo kwamba ni maoni binafsi yasiyo na chanzo kilichochapishwa. Nilikasirika siku mbili. Baadaye niliona kwamba mlango ukifunguliwa kwa ulinganisho wangu utakuwa wazi kwa ulinganisho wa kila mtu, na makala itageuka baraza. Ulinganisho huo nimeuhifadhi kwa ajili ya darasa, mahali pake panapofaa.

Nisifiche upungufu. Kuhariri kwa simu ni mateso: niliandika aya tatu za sehemu ya mtindo nikiwa ndani ya gari kwenye msongamano wa Jogoo Road, mtandao ukakatika, na niliporudi hapakuwa na neno. Tangu siku hiyo huandika kwanza katika daftari la simu, kisha nikabandika nikifika nyumbani. Chujio la kuzuia waharibifu lilinizuia mara mbili kwa sababu akaunti yangu ilikuwa mpya na nilikuwa ninaongeza matini marefu pamoja na viungo vingi vya nje. Ombi langu kwa wasimamizi lilikaa siku tisa bila jibu, na aliyejibu hatimaye alinisaidia kwa upole lakini akaeleza kwamba wanaojitolea ni wachache. Ninaamini hivyo. Hata hivyo mwalimu mwingine angekuwa ameshakata tamaa siku ya tatu. Kurasa za mwongozo nazo zimetafsiriwa nusu, kiasi kwamba unaanza kusoma maelezo ya kuweka rejea kwa Kiswahili na kuyamaliza kwa Kiingereza, na baadhi ya maneno ya vitufe hayafanani na maneno yanayotumika ndani ya mwongozo huo huo. Anayeanza atumie kidirisha cha rejea kinachojazwa kwa nafasi tupu, mwandishi, mwaka, mchapishaji, ukurasa, na asijaribu kuandika alama za msimbo kwa mkono.

Kuhusu jina la makala, tulibishana kidogo kama iwe Bi. Bovary. Tuliliacha la Kifaransa, ila niliongeza maelezo kwamba neno hilo la heshima lina uzito katika kisa, kwa kuwa ndani ya riwaya kuna wanawake watatu wanaoitwa hivyo: mama yake Charles, mke wake wa kwanza Héloïse, na Emma anayekuja wa mwisho kuvaa jina ambalo tayari limevaliwa.

Kwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au msomaji yeyote mwenye kitabu mkononi na subira ya kubishana kwa adabu, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Kwa mwanafunzi anayetafuta jibu la haraka la insha ya kesho, ninapendekeza asome makala pamoja na historia yake, aangalie ilihaririwa lini na kama ina rejea, na akikuta ukurasa ulioletwa kwa mkupuo mmoja na kuachwa, autilie shaka. Wanafunzi wangu wawili nimewaonyesha namna ya kufanya hivyo, na mmoja wao sasa ana akaunti yake na amesahihisha tahajia katika sehemu ya wahusika, ambako nilikuwa nimeandika jina la kasisi Bournisien kwa herufi moja pungufu.

Makala sasa ina maneno zaidi ya elfu mbili. Sentensi iliyoanzisha yote inasomeka: "Mwaka 1857 Flaubert alishtakiwa kwa ajili ya riwaya hii, na mahakama ikamwachilia huru." Sehemu ya filamu niliiacha tupu kwa kuwa sikuwa na vyanzo vya kutosha, nikaandika hivyo kwenye ukurasa wa majadiliano. Wiki iliyopita nilipokea taarifa kwamba ukurasa ninaoufuatilia umebadilishwa. Mtu nisiyemjua alikuwa ameijaza, akianza na filamu ya Jean Renoir, akapitia ile ya Vincente Minnelli ya mwaka 1949 na ya Claude Chabrol ya mwaka 1991, na kumalizia na Maya Memsaab ya Ketan Mehta ya mwaka 1993, iliyomhamishia Emma India. Hiyo ya mwisho sikuwa nimewahi kuisikia. Kila mstari wake ulikuwa na rejea.